Mwenye mipangilio ya mtambo ndiye mwenye kiwanda

KILA kijana Mkenya akiuliza asomee nini ili apate kazi, jibu huwa ni lile lile: jifunze kompyuta, unda apu, tafuta kazi za mtandaoni. Sina ubaya na ushauri huo. Ila ukishuka matatu asubuhi pale Athi River, Ruiru, Thika ama Changamwe, utapita viwanda vya saruji, maziwa, mabati, soda na unga, na ndani ya vingi kuna kazi ya kompyuta ambayo ni nadra kusikia kijana akitajiwa.

Ni kazi ya kuseti vifaa vya mtamboni. Nazungumzia vipima joto, vipima presha, vipima kiwango cha maji kwenye matangi, vali na mota. Mtu anaviambia vipime nini na vifanye nini, kisha anahakikisha vinaelewana na kompyuta inayoendesha kiwanda. Wenye Kiswahili sanifu huiita kusanidi. Sisi mafundi tunasema tu kuseti.

Msimamo wangu ni huu: mwenye mipangilio ya mtambo ndiye mwenye kiwanda, hata kama hatimiliki ya ploti ina jina la mtu mwingine. Na kwa sasa, katika viwanda vyetu vingi, mwenye mipangilio hiyo si kijana wa hapa. Hilo linafaa kubadilika, na linaweza kubadilika bila kungoja muujiza.

Kwa ambaye hajawahi kuingia kiwandani, wacha nieleze. Ubongo wa mtambo ni kompyuta ngumu ndogo iitwayo PLC. Ilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Dick Morley na wenzake walioanzisha kampuni ya Modicon walitafuta njia ya kuondoa makabati yaliyojaa swichi na nyaya katika viwanda vya magari. Lakini ubongo bila macho wala mikono haufanyi lolote. Macho ni vihisi, mikono ni vali na mota, na neva ni nyaya zinazoviunganisha na ubongo.

Vijana wetu wengi wanaosomea umeme hufundishwa ubongo. Wanaandika programu ya kuwasha na kuzima taa tatu ubaoni, wanapasi mtihani, wanapewa cheti. Macho na neva husahaulika, ilhali fundi wa mitambo akiitwa usiku kwa sababu laini imesimama, mara nyingi shida iko huko nje. Programu haijabadilika tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni kifaa.

Na kifaa kikitoka kwenye katoni hakijui chochote kuhusu kiwanda chako. Hakijui tangi lako lina urefu gani. Hakijui kama unataka presha kwa bar ama kwa psi. Hakijui jina lake wala anwani yake. Hakijui kipige kelele vipi kikiharibika. Ni lazima mtu akiambie.

Chukua boila ya kiwanda cha majani chai. Mvuke wake ndio unaopasha hewa ya kukausha majani. Kwenye bomba la mvuke kuna transmita ya presha iliyounganishwa na PLC kwa nyaya mbili. Lugha yake ni mkondo mdogo wa umeme, kuanzia miliampia 4 hadi miliampia 20. Nne ni mwanzo wa kipimo, ishirini ni mwisho, kumi na mbili ni katikati kabisa. Kwa nini isianzie sufuri? Kwa sababu waya ukikatika, mkondo unakuwa sufuri, na mtambo unajua papo hapo kwamba hiyo si presha ndogo, hiyo ni hitilafu. Mtu aliyefikiria hilo alikuwa na akili.

Sasa transmita hiyo imekufa na fundi ameletewa nyingine. Ya zamani ilikuwa imesetiwa bar 0 hadi 10. Mpya imetoka stoo ikiwa imesetiwa bar 0 hadi 16. Fundi anafunga nyaya vizuri, skrini inaonyesha namba, kila mtu anaenda zake nyumbani. Presha halisi ikifika bar 8, transmita mpya inatuma miliampia 12, kwani 8 ni nusu ya 16. PLC nayo bado inaamini kipimo ni 0 hadi 10, kwa hivyo inasoma nusu ya 10. Skrini inasema bar 5. Mtambo unaona mvuke hautoshi, unaongeza moto.

Hakuna waya uliokatika. Hakuna taa nyekundu. Kinachobaki kati ya wafanyakazi na balaa ni vali ya usalama yenye springi, kama nayo imekaguliwa. Namba moja tu, 16 mahali pa 10, na watu wazima wenye familia wanasimama kando ya boila inayodanganya.

Kwa hivyo anayedhani kuseti ni kubonyezabonyeza vidude hajaielewa kazi hii. Uingereza iliielewa kwa njia chungu. Mnamo Desemba 11, 2005, katika ghala la mafuta la Buncefield, kaunti ya Hertfordshire, tangi moja lilikuwa likijazwa petroli usiku. Kipima kiwango kilikwama, kikaendelea kuonyesha kiasi kile kile huku mafuta yakipanda. Kulikuwa na swichi ya pili, ya dharura, ambayo ilifaa kusimamisha kila kitu tangi likijaa. Swichi hiyo ilikuwa na mkono mdogo wa kuifanyia majaribio, na mkono huo ulihitaji kufuli ili ubaki mahali pake pa kazi. Kufuli haikuwekwa, kwa kuwa waliokuwa wakiitumia swichi hiyo hawakuelewa kazi yake. Zaidi ya lita 250,000 za petroli zilimwagika, ukatokea mlipuko mkubwa ulioharibu nyumba na ofisi za jirani, na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Watu zaidi ya 40 walijeruhiwa. Ni bahati tu kwamba ilikuwa Jumapili alfajiri na hakuna aliyefariki.

Vifaa vilikuwepo. Pesa zilikuwa zimetumika. Kilichokosekana ni mtu anayejua kifaa kinataka nini ili kifanye kazi. Nasi tuna matangi ya mafuta, ya gesi na ya kemikali karibu na makazi ya watu. Sihitaji kuongeza.

Upande wa mawasiliano nao una mambo yake, na hapo ndipo vijana wengi huogopa. Wanasikia majina kama HART, Modbus, PROFIBUS, PROFINET na IO-Link, wanadhani ni sayansi ya kurusha roketi. Si hivyo. Ni lugha, na kila lugha ina sarufi yake.

HART, iliyobuniwa na kampuni ya Rosemount miaka ya 1980, hutumia zile zile nyaya mbili za miliampia 4 hadi 20. Juu ya mkondo huo inapandisha sauti mbili, moja ya hertz 1200 na nyingine ya hertz 2200, kama mtu anayepiga mluzi huku mwenzake akiongea. Mkondo unaendelea kubeba kipimo, mluzi unabeba maelezo: jina la kifaa, mipaka ya kipimo, kama kinaumwa. Lakini mluzi huo hausikiki kama saketi haina ukinzani wa kutosha, karibu ohm 250. Kijana asiyejua hilo ataunganisha laptopu, ataona kimya, atasema kifaa kimekufa na kiagizwe kingine kutoka ng'ambo. Anayejua atatoa mfukoni resista ya shilingi chache, aiweke kwenye saketi, na kifaa kitaitika.

Modbus nayo ilitolewa na Modicon mwaka wa 1979, na bado iko kila mahali: kwenye mita za stima, inverta za mota, inverta za sola, vidhibiti vya pampu za maji. Mara nyingi hupita kwenye waya wa RS-485, jozi moja ya nyaya zilizosokotwa inayopita kutoka kifaa hadi kifaa. Kila kifaa hupewa anwani kati ya 1 na 247. Vyote ni lazima vikubaliane kuhusu kasi, kwa mfano 9600 ama 19200, na kuhusu pariti. Miisho miwili ya laini huwekwa resista ya ohm 120 ili ishara isirudi kama mwangwi. Ukiweka vifaa viwili anwani moja, vitajibu kwa pamoja, kama darasa lenye akina Wanjiku wawili mwalimu akiita Wanjiku. Hakuna jibu litakaloeleweka.

Kuna na mitego midogo. Kitabu cha kifaa kinaweza kuhesabu rejista kuanzia moja, huku ujumbe wenyewe ukihesabu kuanzia sufuri. Unaomba volteji, unaletewa kitu cha jirani. Ama kipimo kimegawanywa katika rejista mbili, na mtengenezaji huyu ametanguliza nusu ambayo yule ameiweka nyuma. Skrini inakuonyesha namba ya ajabu, mabilioni ya volti. Kijana mwenye subira anazigeuza nusu mbili na jibu linatoka 240. Hapo hakuna uchawi. Ni kusoma kitabu na kuwa na utulivu.

Hizi lugha mpya zaidi zina utaratibu wao pia. Vifaa vingi vya PROFIBUS hutoka kiwandani na anwani 126, vikingoja kupewa anwani yao halisi. Vya PROFINET huitwa kwa majina, na jina likikosewa herufi moja PLC haikitambui kifaa hata kama kiko mbele ya macho yako. Vya IO-Link huja na faili la maelezo linaloambia programu kifaa kina uwezo gani, na faili hilo hupakuliwa bure mtandaoni. Yote haya mwanafunzi wa diploma anaweza kuyajua kwa muhula mmoja akipewa vifaa vya kushika.

Sasa turudi nyumbani. Tatizo letu halianzi kwa kijana, linaanza siku mtambo unaponunuliwa. Mwenye kiwanda anatia saini mkataba, meli inafika Kilindini, wataalamu wanakuja na laptopu zao, wanaseti kila kitu, mkanda unakatwa, picha zinapigwa. Kisha wataalamu wanaondoka na laptopu zao. Ndani ya laptopu hizo mna programu ya PLC, orodha ya anwani, mipaka ya kila kipimo na paswadi zote. Kiwanda kinabaki na vitabu vya rangi nzuri ofisini na funguo ziko nchi nyingine.

Nimefanya kazi mahali, na jina silitaji, ambapo laini ilisimama siku mbili kwa sababu ya kipima mtiririko kimoja kilichobadilishwa. Kifaa kipya kilikuwepo, nyaya zilikuwa sawa, vijana watatu wenye diploma walikuwa wameketi kando yake. Kilichongojewa ni mtu wa ng'ambo aamke, afungue barua pepe, atume paswadi. Alipopatikana na kuingia kwa mtandao, kazi ilikwisha kabla chai haijapoa: anwani, kipimo, hifadhi, kwaheri. Ankara yake ilikuja baadaye. Wale vijana watatu kazi yao ilikuwa kushikilia tochi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ujuzi wa kuazima pia uko hivyo. Unakufunika siku ya uzinduzi, unakuacha uchi siku mtambo unapokataa saa tisa usiku.

Najua majibu ya wakubwa. La kwanza ni kwamba wakigusa vijana, waranti itavunjika. Ni hoja ya kweli kwa mwaka wa kwanza, lakini mitambo yetu mingi waranti yake ilikufa zamani na bado paswadi haijafika. Na hata ndani ya waranti, kusoma mipangilio na kuihifadhi hakubadilishi kitu. Kumnyima fundi wako nakala ya mipangilio ya mtambo uliolipia ni sawa na kununua nyumba na kumwachia mwashi ufunguo wa mlango.

La pili ni kwamba vijana wataharibu. Hapa nitakuwa mkweli, kwani wako vijana wa kuogopwa. Kuna yule anayebadilisha namba tatu kwa mpigo, mtambo unaamka, hajui ni namba ipi iliyouamsha, na hajaandika popote. Huyo ni hatari kuliko asiyejua kitu. Lakini dawa ya huyo si kufungia ujuzi kabatini. Dawa ni nidhamu: hifadhi nakala kabla hujagusa, badilisha kitu kimoja kwa wakati, jaribu, andika tarehe na jina lako, kisha hifadhi tena. Kama kifaa kinahusika na usalama, kama kile cha boila, mtu wa pili akague kabla mtambo haujawashwa. Rubani hufuata orodha na haoni aibu. Sisi ni akina nani tusifuate?

La tatu, ambalo halisemwi kwa sauti lakini lipo, ni kwamba mgeni anajua zaidi. Huenda anajua zaidi leo. Anajua kwa sababu kuna mtu aliyemwacha ashike kifaa akiwa na miaka ishirini na miwili.

Vyuo vyetu navyo vina mzigo wao. Serikali imehamia mafunzo yanayozingatia umilisi, na wazo hilo ni zuri: mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya, si kwa anachoweza kukariri. Basi tulitekeleze hadi mwisho. Mtihani wa fundi wa vipimo na mitambo ungekuwa hivi: mpe transmita iliyorudishwa mipangilio ya dukani, mpe mita ya Modbus ambayo anwani yake haijulikani, mpe laini ya RS-485 ambayo nyaya zake mbili zimegeuzwa makusudi. Mpe saa mbili. Akitoka, transmita iwe inasoma sawa, mita iwe inajibu, na mezani kuwe na karatasi inayoonyesha alibadilisha nini na kwa nini. Karatasi hiyo ipewe alama sawa na kazi yenyewe.

Si kwamba haiwezekani. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kule Nyeri, kimekuwa kikitoa mafunzo ya mekatroniki kwa ushirikiano na Siemens, na wanafunzi wanashika vifaa halisi. Lakini kituo kimoja hakitoshi nchi nzima, na si kila mzazi ana pesa za kozi ya ziada. Taasisi za kiufundi zilizo mashinani, huko Kisumu, Eldoret, Kitale na Voi, zinahitaji benchi dogo lenye vifaa vya kampuni tofauti tofauti, ili kijana ajifunze lugha yenyewe wala si menyu ya kampuni moja. Walimu nao wapewe nafasi ya kukaa kiwandani wiki kadhaa kila mwaka. Hakuna aibu mwalimu kujifunza.

Kuna na suala la attachment, maana wengi tumepitia hapo. Kijana anatumwa kiwandani miezi mitatu, anafagia karakana, anatumwa mandazi, anasainiwa kitabu. Waajiri hulipa ushuru wa mafunzo ya viwandani unaosimamiwa na NITA. Kama tunalipia mafunzo, basi na yafanyike. Kila mwanafunzi wa attachment apewe kazi moja ya maana: kutembea kiwandani na kuandika orodha ya vifaa vyote, aina, anwani, mipaka ya kipimo na mahali kila kimoja kilipo. Yeye atajifunza, na kiwanda kitapata hati ambayo huenda hakijawahi kuwa nayo.

Kabla hatujasahau, kuna hatari nyingine mpya. Siku hizi mitambo inaunganishwa na intaneti kwa ruta yenye laini ya simu ili mwenye kampuni aone uzalishaji akiwa Nairobi ama Dubai. Ni sawa, lakini Modbus ya kawaida haina paswadi hata moja. Yeyote anayeifikia anaweza kuiamrisha. Na pale palipo na paswadi, mara nyingi ni ile ya dukani. Mnamo Novemba 2023, wadukuzi waliingia katika PLC ya Unitronics iliyokuwa ikisimamia kituo cha kuongeza presha ya maji cha mamlaka ya maji ya Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wafanyakazi walilazimika kuendesha kituo kwa mikono. Katika onyo lake baada ya hapo, serikali ya Marekani iliwataka watumiaji wa vifaa hivyo wabadilishe paswadi ya dukani. Paswadi yenyewe? 1111.

Ikiwa Marekani ilishikwa na moja nne, sisi tuna haki ya kujiuliza pampu za maji za kaunti zetu zina paswadi gani, na nani anaijua. Kijana anayejua kuseti ndiye huyo huyo anayeweza kuzuia jambo hili. Anabadilisha paswadi, anafunga milango isiyotumika, anatenganisha mtandao wa mtambo na ule wa ofisi. Ukimnyima nafasi hiyo, usishangae ikichukuliwa na mtu mwenye nia nyingine.

Basi nini kifanyike? Wenye viwanda, kwenye mkataba wenu ujao andikeni sharti moja kabla ya malipo ya mwisho: programu zote, mipangilio ya kila kifaa, orodha ya anwani na paswadi zikabidhiwe, na kijana wenu mmoja aketi na wataalamu tangu kifaa cha kwanza hadi cha mwisho. Asishike tochi, ashike kibodi. Serikali kuu na za kaunti ziweke sharti hilo hilo kwenye zabuni za maji, kawi na hospitali. Halihitaji sheria mpya bungeni, linahitaji tu aya moja kwenye mkataba na mtu asiyekubali kulipa kabla halijatimizwa.

Nanyi vijana wenzangu, msingoje barua ya mwaliko. Laptopu ya zamani inatosha. Ongeza kiunganishi cha USB kwenda RS-485 na mita moja ya stima yenye Modbus, vitu vinavyopatikana kwa wauzaji wa vifaa vya umeme jijini na mtandaoni. Kama bei ni mzigo, fanyeni kama chama: watano mchange, mnunue seti moja, mpokezane wikendi. Maelezo rasmi ya Modbus ni ya bure mtandaoni. Programu ya OpenPLC, inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa PLC ya kujifunzia, pia ni ya bure. Anza kwa kusoma volteji ya nyumba yenu. Badilisha anwani ya mita, uipoteze, kisha uitafute. Geuza nyaya uone inavyonyamaza. Siku utakapoitafuta na kuipata bila kumpigia mtu simu, utakuwa umevuka mto.

Ila kuwa mwangalifu na stima yenyewe. Mita huunganishwa na umeme unaoua. Upande huo mwachie aliye na leseni mpaka nawe ufuzu. Wewe cheza na upande wa nyaya za mawasiliano. Na mabinti, kazi hii haina uzito wa kubeba wala ngazi ya misuli. Inataka jicho la makini na daftari safi, kwa hivyo usikubali mtu akuambie ni ya wavulana.

Muhimu kuliko vyote, nunua daftari. Kila kifaa utakachogusa, andika kilikuwa vipi, umekiacha vipi, na lini. Ukienda kwenye mahojiano ya kazi na cheti pekee, uko kwenye foleni na maelfu. Ukienda na cheti pamoja na daftari lenye kurasa sitini za kazi ulizofanya kwa mkono wako, meneja atavuta kiti.

Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Katika viwanda vya sasa kisu hicho ni faili la mipangilio, orodha ya anwani na mtu anayezielewa. Nyama iko hapa hapa Athi River, Thika na Changamwe, na imekuwa ikikatwa na wageni kwa muda mrefu mno. Tunoe kisu chetu.